Masikio Mapya, Simu ya Zamani

Mkwe wangu wa Magu, yaani mama wa mume wa binti yangu, alinipigia simu asubuhi moja nikiwa sokoni Mwaloni, nimeinamia dagaa. Mimi nilimsikia akisema, "Mkwe, tumefika." Nilijua kwamba yeye na mumewe walikuwa wamesafiri kwenda Shinyanga kumwona mgonjwa wao, kwa hiyo nilimjibu kwa moyo mkunjufu kabisa.

"Afadhali," nikamwambia. "Nimefurahi sana. Sasa kuleni mshibe, mpumzike."

Kisha akasema maneno mengine ambayo sikuambulia hata moja, nami nikayajibu kwa lile jibu ambalo mtu asiyesikia hulitegemea kuliko yote. "Sawa, sawa, tunamshukuru Mungu."

Alichosema mkwe wangu ni kwamba wamefiwa.

Binti yangu anaishi Butimba na kazi yake iko katika duka la dawa mjini. Jioni ile alikuja nyumbani kwetu Kirumba, akapanda ngazi za mawe bila kupumzika njiani, na hata hakunisalimia.

"Mama, umemwambia nini mama mkwe?"

"Nimempa pole ya safari."

"Anasema ulimwambia ale ashibe."

"Na hilo pia," nikakubali.

Alikaa kwenye kiti akashika kichwa. Baba yake, ambaye ni mume wangu, alikuwa pembeni anasoma gazeti, na nikaona gazeti lote linatikisika. Yule bwana alikuwa anacheka.

Tulikwenda msibani kesho yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini mkwe wangu ni mtu muungwana. Alinikumbatia, akalia begani kwangu, halafu akaweka mdomo kwenye sikio langu na kusema kwa sauti ambayo wafiwa wote waliisikia, "Nimekula, mkwe. Nimeshiba." Kina mama waliokuwa kwenye mkeka walitazamana. Sisi wawili tulilia na kucheka kwa pamoja, na sijui mpaka leo walituelewaje.

Nisiseme kwamba jambo lile lilinishtua. Nilikuwa najua. Nimefundisha darasa la kwanza kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mtu aliyezungukwa na watoto mia wanaoimba a-e-i-o-u kila asubuhi hana haja ya kuuliza masikio yake yamekwenda wapi. Nilipostaafu nikaingia kwenye biashara ya dagaa. Mwenzangu wa biashara yuko Ukerewe. Yeye hununua kwa wavuvi, huanika, huleta mzigo kwa boti, na mimi huuza. Biashara yenyewe ipo ndani ya simu, maana yeye na mimi hatuonani ila kwa nadra. Kwa hiyo kila siku nilikuwa nazungumza na mtu nisiyemsikia kuhusu vitu nisivyoviona.

Nilikuwa na mbinu zangu. Nikiweka spika, soko zima lilisikia isipokuwa mimi, na mama wa meza ya jirani akawa ananijibia. "Mwambie boti imechelewa," alikuwa akinielekeza, au, "Anauliza kama ulipata yale magunia." Mwisho wakawa wanazungumza wao wawili moja kwa moja na mimi nimeshika simu kama kijiti cha kuchokonolea meno. Nadhani walikuwa marafiki wazuri.

Baada ya msiba ule watoto walichangishana, binti yangu na kaka yake anayeishi Buswelu, wakanipeleka kwa mtaalamu wa masikio. Alikuwa binti mdogo mdogo mwenye miwani. Nilipoingia alifungua mdomo, nami niliona midomo yake ikiuliza kitu.

"Nimekuja na binti yangu," nikamjibu.

Alikuwa amesema shikamoo. Binti yangu akatazama dari.

Alinifungia ndani ya kibanda kidogo chenye kuta za sponji, akanivisha vitu vya masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe kila ninaposikia mlio. Nilikaa muda mrefu nikifurahia utulivu wa mahali pale. Baadaye nikaambiwa kwamba milio ilikuwa mingi.

Siku nilipovishwa vile vifaa viwili, vidogo, vya rangi ya fedha, kila kimoja kimekaa nyuma ya sikio na mrija mwembamba ukiingia tunduni, kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa gauni langu. Sikujua kwamba gauni lina sauti. Kisha nikasikia ndala zangu, mfuko wa plastiki, kalamu ya yule binti ikitembea kwenye karatasi. Kunguru wa Kirumba, ambao nilidhani wamehama, walikuwepo wote. Na nyumbani nikasikia bomba la uani likidondosha maji, tone, tone, tone. Mume wangu alikuwa ameniambia zamani kwamba amelitengeneza.

Nilimwita nikamwonyesha. Alilitazama bomba, akanitazama mimi, akasema kitu. Sikukisikia.

Hapo lazima nieleze kidogo kuhusu mume wangu. Alikuwa bwana mifugo. Maisha yake yote ya kazi aliongea na ng'ombe, na ng'ombe hawapendi kelele. Ana sauti laini, ya chini, inayotoka kifuani na kufia kwenye ndevu. Vifaa vilinirudishia kunguru, ndala na bomba, lakini mume wangu havikumrudisha. Nilipolalamika kwa mtaalamu akasema tuvumilie, masikio yanajifunza. Nikavumilia. Tulikuwa tumezoea hivyo. Mimi nilidhani ni mtu wa maneno machache, na yeye nadhani alikuwa ameridhika kudhaniwa hivyo.

Tatizo lililokuja mbele ya yote lilikuwa simu.

Nilikuwa na simu ya kitochi, ile ya vitufe, iliyoanguka majini na kwenye mawe na kwenye sufuria ya maharage na bado ikawa inafanya kazi. Niliipenda. Lakini nilipoiweka sikioni kupokea simu ya kwanza na masikio yangu mapya, niliruka. Ilikuwa kama mtu amefungia nyuki ndani ya kopo akalitikisa. Nikaisogeza, nyuki wakapungua, lakini kifaa chenyewe kikaanza kupiga mluzi mwembamba, fiii, kama birika linalokaribia kuchemka. Kati ya nyuki na birika, sauti ya mwenzangu wa Ukerewe ilikuwa ikisema jambo la maana sana. Nikarudi kwenye mbinu ya zamani. "Sawa, sawa."

Kwa hiyo nikaamua hivi: simu ikiita, nitavua kifaa cha sikio la kulia, nitaongea, nitakirudisha. Ni kama kuvua miwani ili usome barua, lakini mtu akizoea upofu wake hufanya mambo ya ajabu.

Sasa fikiria meza yangu. Dagaa wakavu, wa rangi ya fedha, wamelundikana kilima. Fikiria kifaa kidogo cha rangi ya fedha. Simu ikaita, nikavua, nikakiweka mbele yangu, nikapiga kelele kwenye kitochi kwa muda. Wakati huohuo akaja mteja, mama mmoja wa Buswelu. Nikampimia sado moja huku simu nimeibana kwa bega, akaondoka. Nilipomaliza kuongea nikapapasa. Nikapapasa tena. Jirani yangu akaja tukapapasa wote. Tulipekua kilima kile dagaa mmoja mmoja, kama watu wanaochagua mchele wa harusi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama nilipomwona yule mama wa Buswelu anarudi. Alikuwa ameushika mfuko kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, na watu walikuwa wanampisha.

"Mama, shikamoo."

Hilo nililisikia, maana nilikuwa nimebakiwa na sikio moja. "Marahaba, mwanangu."

"Hawa dagaa wanapiga mluzi."

Watu walikuwa wamekusanyika. Aliuweka mfuko juu ya meza akarudi nyuma. Na kweli, kutoka ndani, chini kabisa, mtu mwenye masikio mazuri aliweza kusikia, fiii. Alisema mluzi ulianza nyumbani, alipoufunga mfuko. Alipoufungua ukanyamaza, alipoufunga ukaanza tena. Mumewe alikuwa amemkataza asiwapike. Mimi nilizamisha mkono, nikatoa kifaa changu, nikakifuta kwenye kitenge, nikakivaa mbele yake.

Alinitazama sana. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Mama, huwa unavihifadhi humo?"

Nilimwongezea dagaa wengine wa bure. Kwa muda fulani baada ya hapo wauza dagaa wenzangu walikuwa wakifika mezani kwangu asubuhi, wanainama juu ya kilima, wanategesha sikio, na kuuliza kama leo wameamka.

Binti yangu alipopata habari hiyo, na aliipata kabla sijafika nyumbani, alinirudisha kwa mtaalamu. Yule binti wa miwani alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ila alilazimika kuvua miwani na kuifuta mara kadhaa.

"Mama, kosa ni langu," akasema. "Nilikupa masikio, sikukuuliza una simu gani. Hivi vitu viwili lazima vielewane. Simu yako inatoa mawimbi, kifaa kinayadaka kikidhani ni sauti, ndiyo hao nyuki. Na ule mluzi ni kifaa kinajisikia chenyewe. Ukikifunika na simu, sauti inayotoka inarudi kuingia tena."

"Kama ndani ya mfuko wa dagaa," binti yangu akasema.

"Kama ndani ya mfuko wa dagaa."

Akanifundisha kushika simu upya. Kwa umri wangu nilikuwa najua kushika simu, au ndivyo nilivyodhani. "Usiipeleke kwenye tundu," akasema. "Kinachosikia sasa ni hiki hapa nyuma, juu ya sikio. Simu ipeleke huku, na uiachie nafasi kidogo." Nikaishika juu kichwani, nyuma ya sikio, kama mtu anayetaka kujichana nywele kwa simu. Nyuki hawakuondoka, ila waliketi. Akasema kuna simu zinazotengenezwa zikiwa zimezingatia watu kama mimi, na nyingine hazizingatii, na njia ya kujua ni kujaribu kabla ya kununua, sikio likiwa na kifaa chake. "Rudini na simu zote za nyumbani," akamwambia binti yangu.

Tulirudi nazo zote, na mume wangu akaja, kwa kuwa hakuwa tayari kuiachia ya kwake iende peke yake. Yule binti alizipanga mezani. Yeye akatoka nje kwenye korido na kuzipigia moja moja, mimi nikipokea. Ya mume wangu ilikuwa na nyuki wakali kuliko wa kwangu. Ya kwanza ya binti yangu, ile aliyoiacha kwa sababu kioo kimepasuka, ilikuwa safi kabisa, na tukashangaa wote. Kisha yule mtaalamu akachukua ile ambayo binti yangu anaitumia sasa, simu janja, akaifungua, akagusa hapa na pale, akafungua na kufunga milango midogo ya betri za vifaa vyangu. Akasema vina blutuu, na si kila simu inakubali kuunganishwa navyo, lakini hii inaonekana itakubali. Akatoka tena.

Simu haikuita mezani. Iliita ndani ya kichwa changu.

"Mama, shikamoo," sauti ikasema. Haikutoka kulia wala kushoto. Ilikuwa katikati, palepale ninapofikiria. Hapakuwa na nyuki wala birika. Nilimsikia yule binti akimeza mate. Nikageuka kutazama nyuma ya kiti changu.

"Marahaba," nikasema. "Uko wapi?"

"Niko koridoni. Unanisikia?"

Nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba ananiona. Mume wangu akanipa leso yake.

Watoto waliniletea simu ya aina ileile, na nikarudi nayo sokoni. Mwenzangu wa Ukerewe alipopiga na mimi nikamjibu kila neno kwa neno lake, aliniuliza, "Samahani, naongea na nani?" Nilimwambia ni mimi. Akasema hapana, mwite mwenyewe.

Ila mtu anayeongea na simu iliyo ndani ya mkoba, mikono yake yote ikiwa kwenye dagaa, haonekani mzima. Nilisikia wanawake wawili nyuma yangu wakisikitika. "Mwalimu wa watu. Na alikuwa na akili." Niligeuka nikawasalimia. Waliniitikia kwa adabu sana. Kanisani vilevile, kabla sijajifunza kuzima, simu iliingia kichwani wakati padri ametuomba tunyamaze tutafakari, na nikajibu kwa sauti nzuri ya darasani, "Boti imefika?"

Nirudi kwa mume wangu, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipobadilika nyumbani.

Alasiri moja tulikuwa tumekaa barazani, mimi nachambua mboga, yeye viti viwili kutoka kwangu anatazama mji chini. Simu ikaita kichwani. Nikapokea.

"Mama," sauti ya mume wangu ikasema. Huniita hivyo tangu mtoto wa kwanza.

"Baba? Uko wapi?"

"Niko hapa."

Niligeuka. Alikuwa kwenye kiti chake, ameshika simu, ananitazama.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito na karibu, karibu kuliko alivyowahi kuwa kwa miaka. "Nilitaka kukuambia, tazama ule mti wa jirani ulivyoinama. Kama mwenyekiti wa mtaa amepata mgeni kutoka wilayani."

Niliutazama mti. Ulikuwa hivyohivyo. Nikacheka mpaka mboga zikamwagika.

"Na lile bomba," akaendelea, "nililitengeneza kweli. Ila nililitengenezea masikio yako yale ya zamani. Nilikuambia siku ile, hukusikia."

Nikaweka kisu chini. "Baba, siku zote ulikuwa unasema mambo ya namna hii?"

"Siku zote."

"Na mimi nilikuwa najibu nini?"

"Sawa, sawa, tunamshukuru Mungu."

Kuanzia siku hiyo akawa ananipigia simu kutoka sebuleni nikiwa jikoni, kutoka kitandani nikiwa nakunja nguo mbele yake. Vifurushi vyake vya dakika vikawa vinakwisha kabla ya siku zake. Mtu niliyemdhania bubu alikuwa na maoni juu ya kila jirani, na mengine siwezi kuyaandika kwa sababu majirani wanasoma. Binti yangu alipotukuta tumekaa kwenye kochi moja tunapigiana simu, alisema tunatia aibu. Kisha akatuonyesha kwamba hatuhitaji kupiga. Simu yangu ina mahali pa kugusa, ukiwasha, inakuwa kipaza sauti. Iache mbele ya mtu, akiongea, maneno yanaruka moja kwa moja hadi masikioni mwako hata ukiwa chumba cha pili. Mume wangu alifurahi mno. Simu yangu ikawa inakaa kwake kuliko kwangu.

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili moja, wanangu wote wawili walipokuja baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa jikoni nasukuma chapati. Simu ilikuwa mezani sebuleni mbele ya baba yao, imewashwa, kama kawaida yetu. Nikasikia viti vikivutwa, kisha kijana wangu wa Buswelu akashusha sauti.

"Baba, tuongee kabla mama hajaja. Hii biashara ya sokoni inatosha."

Kifimbo cha kusukumia kikasimama mkononi mwangu.

"Anachoka," akaendelea. "Simu za watu amezoea kuzijibu ovyo, siku moja atakubali jambo kubwa bila kujua. Aache. Tuna chumba Buswelu, mje mkae na sisi."

"Mimi sijasema aache," binti yangu akasema. "Nimesema tumuulize."

"Ukimuuliza mama atakataa. Unaijua tabia yake."

Hapo nikasikia sauti laini ya mume wangu. "Sogea karibu na meza, mwanangu. Sikusikii vizuri."

"Nikiongeza sauti atasikia."

"Usiongeze. Sogea tu. Hapo, hapo panatosha." Nikasikia kitu kikiburuzwa juu ya meza, nadhani ilikuwa simu yangu inasogezwa kwa mwanangu. "Enhe. Ulikuwa unasema tabia yake. Tabia ipi?"

"Ubishi, baba."

"Mbishi wa namna gani? Toa mfano."

Mwanangu akatoa mfano. Akatoa na wa pili. Baba yake alikuwa anamwitikia kama mtu anayemtegea ng'ombe nyasi ili aingie zizini. Mimi nilimalizia chapati, maana haziwezi kuachwa kwenye moto, nikapanga vikombe kwenye sinia, nikaingia.

"Kuhusu ule mfano wa pili," nikasema nikimimina chai, "ilikuwa mwaka ule wa mafuriko, na mimi ndiye niliyekuwa sahihi."

Binti yangu alitazama simu mezani, akanitazama, akajifunika uso na mtandio. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Kaka yake alichelewa kidogo kuelewa. Alipoelewa alimgeukia baba yake.

"Baba."

"Chai inapoa," mume wangu akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kuendelea. Nilikuwa na majibu yote kwa mpangilio, kama mwalimu anayesahihisha, na nilikuwa naifurahia ile kazi. Lakini mwanangu hakucheka wala hakukasirika. Alizungusha kikombe chake mezani.

"Basi kama umesikia hayo, sikia na hili nililokuwa sijafika," akasema. "Mtoto alipopata degedege, kabla hujaenda kwa mtaalamu, nilikupigia. Tulikuwa tunamkimbiza hospitali. Niliogopa sana, mama. Nilikuambia njoo."

Nilikaa chini. Mtoto yule, mjukuu wangu, alipona, na nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alilazwa. Sikuwahi kuambiwa kwamba nilipigiwa.

"Nilikujibu nini?"

"Uliniambia mzigo ukifika utanijulisha."

Mume wangu alikuwa ameacha kutabasamu.

"Sikukuambia kwa sababu haikuwa kosa lako," mwanangu akasema. "Lakini tangu siku ile kila nikikupigia naogopa. Siwezi kujua kama uko upande wa pili au hauko. Ndiyo maana nataka uwe karibu."

Nikamwambia, "Toka nje unipigie."

"Mama, si lazima."

"Toka, mwanangu."

Alitoka, akashuka ngazi mpaka kwenye jiwe kubwa la chini ambalo watoto wa mtaa hulitelezea. Nilimwona kupitia dirisha, mtu mzima amesimama katikati ya watoto, ameshika simu. Ikaita kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Nasikia na huyo mtoto anayekuuliza kama una pipi."

Akacheka kidogo. Kisha nikamsikia akivuta pumzi. "Siku ile nilitaka uje tu," akasema. "Hata kama usingefanya kitu."

"Ningekuja."

"Najua."

Tulikaa hivyo, yeye chini, mimi dirishani, na simu ikinipa pumzi zake zote. Baadaye akasema jua ni kali na anapanda.

Sikuhamia Buswelu na sikuacha meza yangu, lakini tulikubaliana mambo mawili. Jumamosi ni ya mjukuu, wala sokoni siendi. Na kila jioni nampigia mwanangu mimi, si yeye kunipigia, hata kama sina la kusema. Siku nyingi sina. Tunaongelea umeme umekatika upande gani.

Si kwamba mambo yamenyooka. Hivi karibuni simu ilijibadilisha yenyewe, wanasema imepata toleo jipya, na ilipowaka ikawa hainijui tena. Masikio yangu yalikuwa hapa, simu hapa, na hakuna kati yao aliyemsalimia mwenzake. Nilirudi kwa yule binti wa miwani. Safari hii nilimwambia asinifanyie, anielekeze nifanye kwa mkono wangu. Nilifungua milango ya betri, nikafunga, nikagusa, nikakosea, nikaanza upya, naye akakaa mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani mpaka nikaweza.

Nilipokuwa natoka nilimkuta mzee mmoja kwenye benchi la nje, seremala kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa. Mkewe alikuwa anamsihi aingie na yeye anakataa. Alikuwa na kifaa kipya sikioni, amekivaa kichwa chini.

"Kinanizomea," akaniambia, alipoona cha kwangu. "Nikishika simu kinanizomea."

"Hebu nione hiyo simu," nikamwambia.

Akaitoa mfuko wa shati, imefungwa kwa mpira, vitufe vimefutika namba. Mkewe akasema ni ya kutupa. Mzee akaikumbatia. Nikaketi kati yao, nikamgeuzia kile kifaa, na tukaanza.